Ubeti wa Mama Uliokatwa Manila

Kambi ya Wakata Miwa,
Shamba la Santa Rosalia,
Karibu na Silay, Negros.
Jumapili, 20 Aprili 1958.

Leo imetimia miezi sita na siku tisa tangu nilipoondoka nyumbani.

Mpendwa Manang Salud,

Pokea salamu zangu, dada yangu, wewe na wote walio chini ya paa lako. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Kikohozi cha Manong Pacio kimepungua, au bado anawaamsha majogoo? Yule nguruwe jike amezaa wangapi? Na Nelia hajambo? Usiikunje barua, Manang. Najua nimemtaja. Nitamtaja tena, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila ni uzima wa mkata miwa. Asubuhi mgongo hautaki kunyooka, jioni hautaki kuinama. Majani ya miwa yamenichora mikono hata nikinawa nahisi kama nimepakwa pilipili. Chakula ni wali na dagaa wakavu, na kesho yake ni dagaa wakavu na wali. Suruali niliyokuja nayo naifunga kwa kamba. Lakini miwa inakaribia kwisha. Mnyapara wetu, Manong Kardo, anasema kiwanda kitazima mitambo wiki ya kwanza ya Mei, na mwaka huu namwamini kwa sababu naona mwenyewe: ng'ambo ya reli shamba limebaki jeupe kama kichwa kilichonyolewa.

Nimepata barua ya mumeo. Alimwandikisha Lope, karani wa parokia, na Lope ameandika kila neno mpaka kikohozi. Ndiyo nikajua kwamba wewe na binti yako hamsemezani tangu mwezi wa pili, na kwamba jikoni kwenu sasa kuna vyungu viwili. Wewe unapika upande wa dirisha, Nelia anapika upande wa mlango. Manong Pacio anakula kwako, kisha anazunguka nyuma ya nyumba anakula kwa Nelia, na kila mmoja wenu anadhani baba wa watu anashinda na njaa. Anasema hajapata kushiba hivi tangu akuoe. Lakini mwishoni Lope ameandika: "Hapa amenyamaza kidogo." Nami hapo niliirudia barua tangu mwanzo.

Yote haya kwa ajili ya sinema! Mtu wa mbali hawezi kuamini. Mimi naamini, kwa sababu sinema hiyohiyo imefika hapa na kututenganisha watu arobaini na wawili wa kambi moja.

Ilikuja na Pasaka. Lori lenye kipaza sauti lilizunguka mashambani Jumamosi nzima likitangaza: "Kitambaa cha Sinang! Ile sarswela ya jukwaani mliyoizoea, sasa kwenye filamu, kutoka Manila!" Manang, mapanga yalidondoka. Sisi wote hapa tumetoka upande wetu wa Antique. Hakuna asiyeijua sarswela ya marehemu Maestro Tolome, mchezo wa nyimbo aliotutungia. Wengine waliposwa nayo, wengine walibatizwa kwa majina yaliyomo ndani yake. Tuna Sinang wawili hapa kambini na Lucio watatu, na mmoja wa hao Lucio ana chongo.

Basi Jumapili ya Pasaka, tukitoka misani, tulikwenda kundi zima kwenye jumba la sinema la Silay na mashati yaliyopigwa pasi. Tukakaa safu tatu za mbele, kama wenye mali. Taa zikazimwa.

Sitakuficha. Mwanzoni niliona fahari mpaka kifua kikauma. Jina la Maestro limeandikwa ukutani, kubwa kuliko mtu! Kisha wakaanza kuzungumza Kitagalogi, na Tiyo Berong, mzee wetu wa kambi, akauliza kwa sauti, "Sinang amehamia lini Manila?" Tukamnyamazisha. Lucio akaja kwa farasi. Akapita ufukweni kwa farasi, akarudi kwa farasi, na kila akipita muziki unapanda. Tangu lini mvulana wa kwetu akaenda kuposa kwa farasi? Nyimbo kumi na moja zimebaki tano. Tuyang, yule mtumishi mlevi wa kuchekesha, hayumo kabisa. Haya yote nilivumilia.

Kisha nikamwona mama yake Sinang. Yupo ukutani, Manang. Ni picha ndani ya fremu, imevishwa shada la maua. Wamemuua mama wa watu kabla filamu haijaanza, nadhani walihitaji nafasi ya farasi.

Sasa nikueleze aibu yangu, maana najua imeshafika huko kwa mdomo wa mtu mwingine, na ni bora uisikie kwangu.

Ilifika sehemu ya kitanda cha kufumia. Unaijua kuliko mimi, wewe uliyemcheza Sinang miaka yote. Yule dada wa Manila akaimba ubeti wa kwanza, vizuri tu, kisha akanyamaza. Akawa anafuma. Ta, ta, ta, mti unagonga uzi, na midomo yake imefungwa. Mimi nina miaka kumi na minne ya kukaa chini ya jukwaa la plaza nikiwa na daftari magotini na taa ndogo pembeni, kazi yangu ni kumtangulia kila mchezaji kwa nusu pumzi ili asisahau maneno. Mchezaji akinyamaza mahali pasipo na kunyamaza, mwili wangu hauniulizi. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya chini ya jukwaa, ambayo si ndogo:

"Shika uzi, mwanangu."

Nikadhani hajasikia. Nikaongeza sauti:

"Shika uzi, mwanangu, mimi nashika huku!"

Mtu mmoja wa mjini akapaza sauti kutoka nyuma, "Oya, mshika daftari! Huo ni mstari wa mama, na mama kafa! Mtazame ukutani!"

Jumba zima likaangua kicheko. Nami ningezama chini ya kiti kama si Tiyo Berong. Mzee ana miaka karibu sabini na sauti ya mbuzi aliyefungwa mbali na majani. Akasimama, akavua kofia, akaanza kuuimba ubeti wa mama kutoka mwanzo:

*Shika uzi, mwanangu, mimi nashika huku,*
*kitambaa ni kimoja, mikono ndiyo miwili.*

Kabla hajamaliza mstari wa pili tulikuwa watu ishirini tunaimba. Pale kwenye filamu yule dada anaendelea kufuma na kinywa kimefungwa, na sisi tunamwimbia mama yake. Wa nyuma wakaanza kutupiga kwa maganda ya karanga. Wengine wao nao walikuwa wanaimba huku wanarusha. Mwenye jumba akawasha taa akaja mbio, "Wenye kuimba waende kanisani, leo ni Pasaka, padri atawapokea!"

Na ndipo aliposimama Nang Tinay, mpishi wetu. Umbo lake unalijua, alikuwa akiuza vitumbua vya wali nyuma ya plaza kila sikukuu. Hakumgeukia mwenye jumba. Alitugeukia sisi, watu anaowapikia.

"Nimeacha masufuria ya watu arobaini na wawili nije nimwone Sinang," alisema, "si kuwasikiliza nyinyi! Mnaimba kama magurudumu ya mkokoteni! Mkitaka sarswela ngojeni sikukuu ya Mei! Kaa chini, Tiyo Berong, kabla sijakutilia chumvi kwenye wali wa wiki nzima!"

Tukakaa. Mtu hagombani na anayeshika mwiko.

Lakini kesho yake shambani moto ukawaka. Wakasimama wa jukwaa upande huu na wa sinema upande ule. Manong Kardo, badala ya kuwaamua, akawapanga: wa jukwaa wakate mistari ya kushoto, wa sinema ya kulia, tuone nani anajua kupenda. Manang, miwa ilikatwa siku ile kama inaungua. "Leteni farasi wenu awabebee!" tunawaambia. "Mwiteni mama yenu ukutani awasaidie!" wanajibu. Saa tisa mabehewa yalikuwa yamejaa na Manong Kardo anatabasamu peke yake. Mjanja yule. Kila tulipopoa siku zilizofuata, alipita katikati akiuliza kama mpumbavu, "Hivi kwani ule ubeti una maana gani hasa?" na mapanga yanaanza tena.

Mimi nilikuwa wa jukwaa, tena kichwa chao. Jioni moja nilikwenda kuchukua wali wangu na Nang Tinay akaniwekea ukoko.

"Nang, hata wewe?" nikamwambia. "Mtu wa kwetu kabisa unawatetea waliomuua mama?"

"Nimewatetea wapi? Huyo farasi hata mimi simtaki," akasema. "Lakini nikuulize, Noy. Miaka yote nimeuza vitumbua pale plaza. Unajua nimeona nini cha sarswela?"

"Umeona yote, utakosa nini?"

"Visogo. Nimeona visogo na kofia. Nimesikia Sinang analia, sijui analia akiwa na sura gani. Juzi kwa mara ya kwanza nimemwona uso. Uso mkubwa kama mlango wa kanisa, na chozi moja linashuka polepole. Halafu wewe na mbuzi wenu mkaanza kupiga kelele. Kula ukoko wako."

Niliula. Lakini neno la visogo likanikaa kooni kuliko ukoko. Kwa sababu, Manang, mimi je? Nimekaa chini ya jukwaa miaka kumi na minne. Pale chini naona kwa kupitia nafasi za mianzi. Naona nyayo. Najua kila unyayo wa mchezo ule: Lucio wetu anasimama kwa kisigino, Maestra Encar alipocheza mama alikuwa anakunja vidole kabla ya kuimba. Sarswela hiyo nimeisikia mara kumi na nne, Manang, na sijaiona hata mara moja. Wewe ndiye Sinang wa mji mzima, na mimi ndugu yako wa tumbo moja sijui unapoimba unakuwa na sura gani.

Basi Jumapili iliyofuata, siku ya mwisho ya filamu, nikaenda tena. Safari hii sikuwaambia wa jukwaa. Nilikaa pembeni ya Nang Tinay, nyuma kabisa, na alinishika mkono wa shati mwanzo hadi mwisho kama anayemshika mbwa asibweke.

Nikatazama. Nikafunga kinywa nikatazama. Farasi ni upuuzi, msimamo wangu haujabadilika. Lakini ilipofika pale kwenye kitanda cha kufumia nikaiona mikono ya yule dada. Uzi ulikatika. Akauinua, akaufunga fundo, akaukata kwa meno, kisha akalilamba fundo likalala. Manang, hivyo ndivyo alivyofanya Nanay, mama yetu. Hivyo ndivyo unavyofanya wewe kibarazani. Mtu wa Manila hakuzaliwa akijua jambo hilo. Alikuja mtu wa kwetu, mfumaji, akakaa naye akamfundisha. Na ule ukimya niliodhani ni kusahau maneno, haukuwa kusahau. Alikuwa anasikiliza. Anafuma na kusikiliza kama kuna mtu upande wa pili wa kitambaa, na hakuna mtu, kwa sababu wamemuua. Nililia, Manang. Nang Tinay akanipa aproni yake, ina harufu ya dagaa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililoniketisha kuandika siku yangu ya kupumzika. Nivumilie, na kama nimekosea adabu, mimi ni mdogo wako, utanipiga nikifika.

Lope ameandika kwamba kamati ya sikukuu ya San Isidro inataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Nelia anataka kuwa Sinang, na anataka iwe kama filamu aliyoiona Iloilo alikokuwa anajifunza ushonaji. Wewe umesema kama ni hivyo mavazi utayatupa kwenye shimo la takataka uyatie moto, na hutakanyaga jukwaani tena. Maestra Encar, mjane wa Maestro mwenyewe, amesema hachagui kati ya mama na mtoto, ninyi wawili mkikubaliana mchezo utakuwepo, msipokubaliana San Isidro mwaka huu atachezewa bendi tu. Nimeelewa vizuri? Basi nisikilize.

La kwanza, na hili ninalisema mimi kwa sababu wengine wanakuogopa. Wewe una miaka arobaini na mmoja. Mwaka jana kwenye wimbo wa tatu nilisikia goti lako kabla ya kusikia sauti yako. Mguu wa kushoto ulianza kuchelewa. Watu wa mbele hawakuona, lakini mimi niko chini, kwangu hakuna sketi ya kuficha. Ubeti wa mwisho uliuimba kwa mguu mmoja mpaka pazia likafungwa. Nilikuwa nakuambia maneno huku namwomba San Isidro mianzi isipasuke. Sinang ana miaka kumi na tisa, Manang. Nelia ana kumi na tisa.

La pili. Unasema Nelia amekudharau, kwamba ameona mwanamke wa Manila mara moja tu akamsahau mama yake aliyeimba miaka kumi na minne. Mimi nilifikiri hivyohivyo mpaka nikala ukoko wa Nang Tinay. Jiulize, mtoto huyu ameiona sarswela akiwa wapi? Tangu akiwa mdogo yuko nyuma ya pazia. Anakushikia kitana, anakushikia maji, anakufunga mishipi mgongoni. Mimi nimeona nyayo zako, Nang Tinay ameona visogo vya watu, na Nelia ameona mgongo wako. Iloilo ndiko alikouona uso wa Sinang kwa mara ya kwanza maishani mwake. Unamlaumu kwa kuupenda? Wewe ungeshangaa kama asingeupenda.

La tatu ndilo kubwa. Filamu haina mama. Nadhani hilo ndilo lililokuchoma, ingawa kwa watu unalalamikia farasi. Nelia akisema iwe kama filamu, wewe unasikia: mama apigwe fremu atundikwe ukutani. Sidhani kama mtoto amefikiri hivyo. Ana miaka kumi na tisa, ameona ua, hajaona shina lililokatwa. Lakini hawezi kulijua kama mnapika kwenye vyungu viwili.

Basi fanyeni hivi. Nelia awe Sinang. Akae kwenye kitanda cha kufumia, aimbe ubeti wa kwanza, kisha anyamaze. Ule ukimya wa Manila tuuweke, ni mzuri, nimeuona mara mbili na naukubali, hata kama wa jukwaa wakinipiga. Afume. Ta, ta, ta. Watu wa plaza watadhani amesahau. Waache wadhani. Halafu upande wa pili wa kitambaa, wakiwa hawajakuona bado, uanze wewe: *Shika uzi, mwanangu.* Manang, ukimya ule umekatwa kwa kipimo chako. Manila walishona nguo nzuri wakasahau mvaaji.

Na sehemu ya mama haina kupanda ngazi wala kukimbilia mlangoni. Mama amekaa kwenye kigoda mwanzo hadi mwisho. Goti litakushukuru.

Mengine mpatane wenyewe. Akitaka harusi mwishoni kama ya filamu, mpe harusi, sitakufa kwa ajili ya harusi. Tuyang mlevi arudishwe, hilo sina mjadala, watu wataivunja plaza. Farasi hapana. Lope anaandika kwamba Nelia alimwuliza baba yake kuhusu nyati wa kulimia badala ya farasi, na Manong Pacio akajibu nyati alishakataa.

Hapa kambini nimewaeleza wazo hili juzi wakati wa chakula. Tiyo Berong alitafuna muda mrefu kisha akasema, "Mradi mama aimbe." Vijana wa sinema wakasema, "Mradi Sinang anyamaze kwanza." Nang Tinay alinipa wali wa juu. Manong Kardo ndiye pekee aliyesikitika, maana tangu siku hiyo tunakata miwa polepole kama Wakristo.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu. Leo ukimaliza kusoma, au Lope akimaliza kukusomea, usimwambie Nelia jambo lolote kubwa. Chukua uzi uliokatika ukae upande wako wa kitanda cha kufumia pale kibarazani, umwite aje ashike upande wa pili. Akija, imba. Kama hajui ajibu nini, daftari liko kwenye sanduku langu, chini ya blanketi, ukurasa una doa la mafuta ya taa. Halafu peleka jibu kwa Maestra Encar.

Nami nina ombi moja kwa ajili yangu. Mwaka huu simtaki yule wa chini ya jukwaa awe mimi. Mpeni Lope daftari. Anasoma kuliko mimi niliyeishia darasa la nne, na umeona jinsi asivyoruka hata kikohozi. Mwambieni asiseme neno Sinang anaponyamaza, akitaka kusema auume ulimi, mimi najua inavyouma. Na mniwekee nafasi kwenye benchi la mbele, katikati. Nataka kuuona uso wako.

Nang Tinay naye anataka nafasi ya mbele. Amesema vitumbua mwaka huu atauza kabla ya mchezo, na atakayechelewa ale kofia yake.

Nisalimie Manong Pacio, mwambie ale chungu kimoja sasa, tumbo lake si ghala. Msalimie Maestra Encar kwa heshima zote, mwambie jina la marehemu mumewe liliandikwa ukutani hapa Silay kubwa kuliko mtu, na watu walilipigia makofi. Msalimie Tiya Goring na watoto wake, jirani yetu Manong Isko, na Lope, ambaye najua anasoma mstari huu kwa sauti na uso mwekundu. Na Nelia, mpwa wangu, mwambie mjomba wake amemwona Sinang wa Manila mara mbili na bado anamngoja wa kwetu.

Bwana awaangalie nyote, awape mvua ya kiasi na magoti yasiyouma, na San Isidro mkulima awakute mezani pamoja.

Mimi mdogo wako akupendaye toka chini ya jukwaa,
Eleuterio (Teryo)

Kiwanda kikizima mitambo kama walivyosema, tutapanda boti ya Iloilo Jumamosi tarehe 10 Mei. Nitakuwa mlangoni kwako Jumapili tarehe 11, siku nne kabla ya sikukuu, na nitakuja moja kwa moja jikoni kuhesabu vyungu.